NENO MOJA KATIKA BARUA YA DAKTARI

Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa mavuno, bibi mmoja wa kijiji chetu alivimba miguu. Kwanza alidhani ni uchovu wa kupura mtama. Baadaye akawa hawezi kulala chali, kwa kuwa pumzi ilimkatika. Wanawe wakampeleka hospitali ya mbali, kwa baiskeli hadi barabarani, na kutoka barabarani kwa gari. Alilazwa siku sita. Aliporudi alikuwa na mfuko wa vidonge, onyo la kupunguza chumvi, na bahasha yenye barua kwa mganga wa zahanati yetu.

Ikawa siku ile mganga wa zahanati yuko likizo. Watu wa nyumba ile hawakuweza kungoja. Wakamwita mjukuu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye kamusi ndogo ya Kiingereza aliyoshinda shuleni. Kijana akaketi mlangoni penye mwanga, wazee wakamzunguka. Mistari ya mwanzo aliiruka, maana iliandikwa kwa vifupisho vya kitabibu. Karibu na mwisho akakuta neno refu kuliko yote: "prognosticate". Akafungua kamusi. Kamusi ikamjibu: kutabiri. Tena katika sentensi ile ile palikuwa na neno jingine alilolijua tangu darasa la tano, maana yake "mapema". Kijana akayaunganisha mawili hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia baba yake kwa sauti ndogo, "Baba, daktari ametabiri. Anasema ni mapema."

Hakuna aliyeuliza mapema ya nini. Katika nyumba yenye mgonjwa maneno ya namna hiyo hayangoji kuulizwa.

Basi tangu jioni ile vidonge vikabaki mfukoni. "Vya nini tena?" walisema, "Tumsumbue mama kwa machungu ya bure?" Mwana wa kwanza akaenda dukani akanunua sanda, akaificha sandukuni. Mwana wa pili, afanyaye kazi mbali, akapigiwa simu aje upesi. Na bibi mwenyewe, aliyeona watu wanaingia kwa ncha za vidole na kutoka wakifuta macho, akaelewa bila kuambiwa, akaacha kuomba uji.

Mimi nilikwenda kumjulia hali siku ya tisa. Nikasikia habari ya barua. Nikamwambia kijana, "Mjukuu wangu, hebu niletee karatasi hiyo." Akaniletea, akasema, "Hii hapa, Mwalimu." Nikavaa miwani. Daktari alikuwa ameandika hivi, kwa Kiswahili chetu: kwamba ni mapema mno kusema ugonjwa huu utaelekea wapi, mgonjwa atumie dawa mwezi mzima, kisha arudishwe, atazamwe upya.

Mapema *mno*. Neno hilo "mno" ndilo lililodondoka njiani. Daktari alikuwa amekataa kutabiri, nao wakasikia kwamba ametabiri kifo.

Kijana yule alilia. Sikumlaumu, maana kamusi yake haikumdanganya bali ilimpa nusu ya neno. Nikamwahidi kwamba ipo siku nitaliandika neno hili kwa marefu. Nawe msomaji, hata kama nyumbani kwako Kiingereza hakisemwi, huenda siku moja karatasi kama ile ikaingia mlangoni mwako.

KUJUA MBELE KWA DALILI

Neno "prognosticate", ambalo hutamkwa karibu na "prog-nos-ti-keit", si la Waingereza kwa asili. Waliliazima kutoka Kilatini yapata karne ya 15, na Walatini nao walilipata kwa Wagiriki. Kwa Kigiriki lina vipande viwili: "pro", yaani mbele au kabla, na "gnosis", yaani kujua. Kwa hiyo maana yake ya kwanza ni kujua kabla. Lina ndugu yake mashuhuri hospitalini, "diagnosis", yaani kupambanua ugonjwa na kuujua ni upi. Hiyo yasema: huu ni ugonjwa wa moyo. "Prognosis" yasema: ugonjwa huu wa moyo yaelekea utakwenda hivi na hivi. Ya kwanza yatazama kilichopo leo, ya pili yatazama njia iliyo mbele. Daktari aweza kuwa na uhakika wa ile ya kwanza, huku ile ya pili hajui bado, kama yule wa bibi yetu.

Lakini kujua kabla kwa njia gani? Hapo ndipo penye kiini cha neno. Mtu "haprognosticate" kwa kuota ndoto, wala kwa kufunuliwa na malaika, wala kwa kubahatisha tu. Anafanya hivyo kwa kuzisoma dalili. Sisi tuna methali ambayo ingefaa kuandikwa katika kamusi ya kijana yule pembeni mwa neno hili: Dalili ya mvua ni mawingu. Asemaye leo itanyesha kwa kuwa ameona wingu jeusi upande wa mashariki, na upepo umegeuka, na kumbikumbi wametoka, huyo ndiye afanyaye kazi ya neno hili. Naye aweza kukosa. Wingu laweza kupita likanyesha kwa jirani.

Wa kwanza kulipa neno heshima alikuwa mganga wa Kigiriki, Hippocrates, mwenyeji wa kisiwa cha Kos, aliyezaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristu. Katika vitabu ambavyo tangu kale huhesabiwa kuwa vyake kimo kimoja kinachoitwa kwa jina hili hili, kitabu cha kujua mbele. Humo anawafundisha waganga namna ya kumtazama mgonjwa. Aanze na uso, asema. Pua iliyochongoka, macho yaliyozama, mashavu ya karibu na masikio yaliyobonyea, masikio baridi, ngozi ya paji la uso iliyokazana na kukauka: hizo ni dalili mbaya. Mgonjwa akipapasapapasa hewani kwa mikono, au akichunachuna nyuzi za blanketi, ni mbaya pia. Hata leo, baada ya miaka zaidi ya 2,000, madaktari wa Ulaya na Marekani huuita uso wa namna ile kwa jina la Hippocrates.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hulisahau. Baada ya kuueleza uso huo wa kutisha, yule mzee wa Kos hasemi, "Basi mkaandae mazishi." Asema, kwanza uliza. Je, mgonjwa amekosa usingizi? Je, ameharisha sana? Je, ana njaa? Kama jibu ni ndiyo, hatari ni ndogo, na kwa mchana mmoja na usiku mmoja itajulikana kama uso ule uliletwa na hayo tu. Loo! Mganga wa zama zile, asiye na kipimo cha damu wala picha ya kifua, alijua kwamba mtu aliyekosa usingizi aweza kufanana na mtu anayekufa.

Jambo jingine alilolisema lanipendeza zaidi kuliko yote. Dalili bora kupita nyingine, asema, ni uso wa mgonjwa kufanana na nyuso za watu wazima wenye afya, na hasa kufanana na uso wake mwenyewe wa siku zote. Nani aujuaye uso wa siku zote? Si daktari aliyemwona jana kwa mara ya kwanza. Ni mke wake, ni binti yake, ni jirani anayechota naye maji.

Tena alitaja faida za kujua mbele. Wagonjwa watamwamini mganga. Mganga ataweza kuutibu ugonjwa vizuri zaidi akijua unakokwenda. Na hatalaumiwa kwa wale ambao hawangeweza kupona. Hilo la tatu lina ubinadamu ndani yake, nadhani hata waganga wa siku hizi watalikubali kwa kicheko kidogo.

NENO LIKAANGUKA MIKONONI MWA WATAZAMA NYOTA

Neno jema halikai siku zote katika nyumba njema. Hili nalo likatoka kitandani pa mgonjwa likaenda kwa watazama nyota. Kulikuwa na watu huko Ulaya waliofundisha kwamba sayari zikikutana katika kundi fulani la nyota, patakuwa vita, au tauni, au mavuno mabaya. Ufundi wa kuchapa vitabu ulipoenea, walitoa kila mwaka kijitabu cha kalenda chenye mambo yajayo, na kijitabu hicho kikaitwa kwa Kiingereza "prognostication". Mkulima alikinunua kwa senti chache, akajua tarehe za sikukuu, siku za magulio, na eti siku ipi afaayo kunyoa nywele au kutoa damu.

Jambo la mwaka 1524 halisahauliki. Mwaka 1499 Wajerumani wawili, Johannes Stöffler na Jakob Pflaum, walichapa kalenda yao mjini Ulm, wakaonyesha kwamba mwezi wa Februari mwaka 1524 sayari nyingi zitakutana katika kundi la nyota liitwalo Samaki. Wakasema hiyo ni ishara ya mageuzi makubwa. Hawakutaja gharika. Lakini samaki huishi majini, au sivyo? Wengine wakaongeza la kwao, na wengine wakaongeza juu ya hilo, vijitabu vikatoka kimoja juu ya kingine, mpaka watu wa nchi nyingi wakaingiwa na hofu ya gharika kuu. Februari ikafika, ikapita. Gharika haikuja.

Huko Ufaransa alikuwako daktari mmoja mwenye ulimi mkali, François Rabelais, aliyekuwa kwanza mtawa, kisha akatibu wagonjwa katika hospitali ya Lyon. Mwaka 1532 alisimamia kuchapwa kwa maandiko ya Hippocrates kwa ajili ya wanafunzi wa uganga. Na karibu wakati ule ule akatoa kijitabu cha dhihaka, "prognostication" ya mwaka 1533, iliyotabiri kwa ujasiri mkubwa kwamba mwaka huo vipofu wataona kidogo sana na viziwi watasikia vibaya. Angalia: mtu yule yule aliyeheshimu dalili za mgonjwa ndiye aliyewacheka wauza nyota. Hakuona kwamba ni kazi moja, ingawa neno lilikuwa moja.

Waingereza walilipenda neno hata hivyo. Mwaka 1555 Leonard Digges alichapa kitabu chenye neno hili katika jina lake, akifundisha namna ya kuijua hali ya hewa kwa kutazama jua, mwezi, nyota, mawingu, upinde wa mvua na ngurumo. Nusu ya hayo ni dalili za kweli, nusu ni nyota tu, na msomaji wa siku zile hakuwa na njia ya kuzitenga. Katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya mfalme James, neno hili limo mahali pamoja, katika Nabii Isaya sura ya 47, aya ya 13, ambapo Babeli unaambiwa kwa kejeli uwaite watazama nyota wake waje kuuokoa. Kwa hiyo Mwingereza aliyesoma Biblia yake alilikuta neno likiwa limesimama pabaya. Shakespeare naye alilitumia katika shairi lililochapwa mwaka 1609. Anakana kwamba yeye si mtu wa kusoma nyota, kisha anasema lile aliwezalo kutabiri alisoma machoni mwa mtu ampendaye. Machoni, naam. Karibu na Hippocrates kuliko alivyojua mwenyewe.

NAHODHA ALIYETAFUTA NENO JINGINE

Mwaka 1859, mwezi wa Oktoba, merikebu iliyoitwa Royal Charter ilikuwa ikirudi Uingereza kutoka Australia. Ndani yake walikuwamo watu waliokwenda kuchimba dhahabu, wakirudi nayo kwao. Walipokuwa karibu kabisa na kufika, tufani likaivunja merikebu juu ya miamba ya Anglesey, na watu zaidi ya 400 wakafa.

Mtu mmoja ofisini London alihesabu kwamba tufani lile lingeweza kujulikana mapema. Jina lake Robert FitzRoy, nahodha wa zamani wa merikebu Beagle, iliyomzungusha Charles Darwin duniani toka mwaka 1831 hadi 1836. Wakati huo serikali ilikuwa imempa kazi ya kukusanya habari za hewa ya baharini. Simu ya waya ilikuwa imekwisha enea. FitzRoy akaona: upepo ukivuma leo magharibi, habari zaweza kupita kwa waya zikautangulia upepo wenyewe. Mwaka 1861 akaanza kutuma onyo bandarini, ambako walipandisha alama juu ya mlingoti ili wavuvi wazione. Na tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, gazeti la The Times likachapa maelezo yake ya hewa ya siku zijazo.

Hapo akakwama kwenye neno. Ayaite nini maelezo haya? "Prognostication" lilikuwa limekwisha nuka nyota na kalenda za magulio. "Prophecy", yaani unabii, hakulitaka kabisa, maana yeye si nabii. Hata "prediction" hakuridhika nalo. Akachagua neno la watu wa kawaida, "forecast", ambalo zamani lilimaanisha kupanga jambo kabla. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 akaeleza wazi kwamba hayo si unabii. Ni maoni yaliyotokana na kupima na kuhesabu.

Je, watu walisikia? Hawakusikia. Siku alipopata hawakusema kitu. Siku alipokosa walimcheka magazetini kama mpiga ramli aliyeumbuka. Wenye vyombo walinung'unika kwamba onyo lake lawazuia mashua bandarini bure. FitzRoy alikuwa mgonjwa, mwenye madeni na moyo mzito tangu zamani, na tarehe 30 Aprili mwaka 1865 alijiua. Baada yake kamati ya wataalamu ikaamua kwamba kazi ile haina msingi wa kutosha, na mwaka 1866 onyo likasimamishwa. Nani walioomba lirudishwe? Watu wa bahari wenyewe. Mwaka uliofuata alama za tufani zikaanza tena kupandishwa. Maelezo ya magazetini yalirudi mwaka 1879 tu.

Mimi nasikitika kila nisomapo habari ya mtu huyu. Alichagua neno kwa uangalifu, akalieleza, akaliandika kitabuni, na bado walisikia lile walilozoea kulisikia.

NA KWETU?

Sisi nasi tuna maneno mengi kwa jambo hili, nayo hayafanani, ingawa kamusi ndogo huyarundika pamoja. Kutabiri tumelipata kwa Waarabu, na huko asili yake ni kufasiri ndoto, kama Yosefu alivyomfasiria Farao ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Kubashiri nalo ni la Kiarabu, likatoka katika habari njema, ingawa siku hizi vijana wetu hulijua zaidi katika kuweka fedha juu ya mechi za mpira. (Habari njema ni za nani katika mchezo ule, waulize mama zao.) Ramli ni mchanga tu, mchanga uliochorwa mistari na mtu anayesema anaona. Kuagua ni letu wenyewe, nalo hubeba pamoja kutibu na kufumbua mambo ya siri. Ndiyo sababu mgonjwa wa zamani hakutofautisha sana kati ya kuambiwa ugonjwa wake na kuambiwa nani aliyemroga.

Sasa tazama tunavyosema redioni: utabiri wa hali ya hewa. Neno la ndoto limebebeshwa kazi ya vipimo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya nchi yetu ikisema kwamba msimu huu mvua zaelekea kuwa za wastani au juu ya wastani katika mikoa fulani, mkulima husikia "mvua itanyesha". Isiponyesha shambani pake, asema wametudanganya. Lakini wao hawakuahidi shamba lake. Walisoma joto la bahari na mwendo wa pepo, wakasema inakoelekea. Ukisikia "inatarajiwa" au "kuna uwezekano", usiyaruke maneno hayo kama kijana wetu alivyoruka "mno".

JINSI LINAVYOTUMIKA LEO

Kwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, nasema machache. Neno hili leo ni la kiofisi na la kitabuni. Ukiliweka katika barua kwa rafiki, atafikiri unajitutumua. Hapo neno "predict" latosha. Wanajimu wa kisayansi wakihesabu kupatwa kwa jua, wao "predict", kwa kuwa hesabu yao haina shaka. Manabii "prophesy". Lakini mtu azitazamaye dalili nyingi, zenye kupingana, akatoa maoni ya jinsi uchaguzi, uchumi au ugonjwa utakavyoelekea, huyo "prognosticates". Mara nyingi magazeti ya Kiingereza hulitumia kwa kicheko kidogo, kama kusema: msikilizeni mzee wetu mwenye kujua yote. Madaktari wenyewe hulitumia tendo hili mara chache. Wanapenda zaidi jina lake, "prognosis".

Kicheko chenyewe ukitaka kukiona, nenda Punxsutawney, mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani. Tangu mwaka 1887, kila tarehe 2 Februari, watu hupanda kilima asubuhi na mapema kumtoa shimoni mnyama mnene afananaye na pimbi, wamwitaye Phil. Akiona kivuli chake, baridi itaendelea majuma sita. Asipokiona, joto li karibu. Nao wamempa cheo kirefu ambacho ndani yake mna neno letu: mkuu wa "prognosticators" wote. Amekosa mara nyingi, wala hajafukuzwa kazi. Tarehe ile ni Sikukuu ya Bwana kutolewa Hekaluni, siku ya kubariki mishumaa. Wakulima wa Ujerumani walizoea kuitazama hewa siku hiyo, na wahamiaji wao wakaipeleka desturi Marekani.

NUSU YA WAGONJWA NI WATU GANI?

Turudi hospitalini, maana huko neno halina mchezo. Mwezi wa Julai mwaka 1982 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Stephen Jay Gould, mwenye umri wa miaka 40, aliambiwa kwamba ana saratani ya namna isiyoonekana mara nyingi, ndani ya tumbo. Alipopata nguvu ya kutembea alikwenda maktabani kusoma. Vitabu vyote vilisema neno moja: haina tiba, na kipimo cha katikati cha kuishi ni miezi minane tangu kugunduliwa.

Mwingine angefunga kitabu akaandika wosia. Gould alikuwa mtu wa hesabu, akajiuliza, hii "katikati" maana yake nini? Chukua wagonjwa 100, uwapange kwa mstari, aliyekufa kwanza mbele, wa mwisho nyuma. Miezi minane ndipo anapoanguka yule wa katikati. Maana yake 50 wamekufa kabla. Lakini 50 wengine wapo! Na hao hawakuandikiwa mpaka. Waliotangulia wamebanwa kati ya siku ya kwanza na miezi minane. Waliobaki waweza kutawanyika mbali sana, mwaka, miaka mitano, na zaidi. Akajiuliza tena: mimi ni wa kundi lipi? Akahesabu dalili zake mwenyewe: umri mdogo, ugonjwa umegunduliwa mapema, matibabu mazuri. Mwaka 1985 akaandika makala kuhusu jambo hilo, na wagonjwa wengi duniani wakaisoma. Alikufa mwezi wa Mei mwaka 2002, karibu miaka 20 baada ya ile miezi minane, tena kwa saratani nyingine.

Usinielewe vibaya. Wapo waliokufa mwezi wa pili, nao walikuwa na moyo wa kupigana kama yeye. Hesabu ile haikuwa ya uwongo. Ilikuwa kweli juu ya watu 100. Juu ya mtu mmoja ilisema kidogo tu. Kwa hiyo daktari akikuambia mambo yaelekea vibaya, hapana ubaya kumwuliza kwa heshima: "Daktari, umeona dalili gani? Na ipi ikibadilika, utasema tofauti?" Daktari mwema hatachukia. Na akisema kwamba bado hajui, hilo nalo ni jibu, usiliongezee la kwako njiani.

Basi bibi yetu tulimrudisha hospitali siku ile ile ya tisa, mimi nikiwa nimeshika barua. Alikuwa amedhoofu sana kwa kuacha dawa, na kwa njaa. Wakampa dawa upya, wakamweka majuma mawili. Ulipotimia mwezi daktari akamtazama, akatuita mimi na mwana wa kwanza, akasema sasa aweza kutuambia: moyo umechoka wala hautarudi kuwa wa msichana, lakini akimeza dawa kila siku na kuacha chumvi, anatumaini ataiona mvua ya mwaka huu, na huenda na nyingine. Asipomeza, hata majuma hayatakuwa mengi.

Mwana wa pili, aliyesafiri siku mbili kuja kuzika, akarudi kazini akinung'unikia nauli. Kijana wa kamusi akapewa kazi ya kumhesabia bibi yake vidonge asubuhi na jioni, naye hakukosa hata siku moja. Sanda ikakaa sandukuni miaka mitatu na miezi minne.

Siku zile nilikuwa nikipita kwake nitokapo shambani. Nilikuwa nimemsimulia habari za mganga wa Kos na kitabu chake, akacheka sana kwa yale ya pua na masikio. Tangu hapo kila nilipompigia hodi alitoka nje, akasimama mlangoni penye mwanga, akajishika kiuno, akasema, "Haya Mwalimu, nitazame. Ni wangu, au si wangu?"

Nikimtazama, nikamjibu, "Ni wako, Bibi. Ni ule ule wa siku zote."